Pesa ya Chama Hufuata Kiti, Haifuati Watu

Mhadhara kwa Waafrika Mashariki waishio kusini mwa Seattle

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena, kwa sababu kila uchaguzi mkuu ukikaribia nyumba zetu hujaa mabishano ya nani ataingia Ikulu ya Marekani. Muulize huyo huyo anayebisha hadi usiku wa manane: seneta wako wa jimbo ni nani? Hajui. Simsemi seneta wa kule Washington, D.C. Namsema wa hapa Olympia, makao makuu ya jimbo letu la Washington, mmoja kati ya 49, anayepiga kura kuhusu bajeti ya shule ya mwanao, sheria za mpangaji na mwenye nyumba, na mshahara wa mama anayehudumia wazee majumbani. Huyo humjui. Lakini kamati za kitaifa za vyama zinamjua, na zinajua hasa kama kiti chake kinafaa kumwagiwa pesa au la.

Sikilizeni kisa cha wilaya ya 45 ya uchaguzi wa bunge la jimbo, maana humo mna kila kitu.

Oktoba 2016 Seneta Andy Hill wa chama cha Republican alifariki kwa saratani. Wilaya yake iko ng'ambo ya Ziwa Washington: Kirkland, Redmond, Woodinville, Duvall. Uchaguzi mdogo wa kujaza kiti ukapangwa Novemba 2017, mwaka ambao kwa kawaida hauna shamrashamra yoyote. Sasa tazameni hesabu. Ugavana ulikuwa wa Democratic. Baraza la Wawakilishi la jimbo lilikuwa la Democratic. Seneti peke yake ndiyo iliyokuwa mikononi mwa Republican, tena kwa kura moja, kwa kuwa Mdemokrati mmoja, Tim Sheldon, alikuwa ameungana nao. Kiti kile kimoja kikigeuka, chama kimoja kinashika jimbo zima. Na Oregon na California zilikuwa zimeshashikwa, kwa hiyo Pwani yote ya Magharibi inakuwa ya Democratic.

Wagombea walikuwa Manka Dhingra, mwendesha mashtaka wa King County aliyezaliwa India, na Jinyoung Englund wa Republican. Wote wawili hawakuwahi kushika kiti cha kuchaguliwa. Sheria ya wakati ule ilisema mchangiaji mmoja asimpe mgombea wa bunge la jimbo zaidi ya dola 1,000 katika mchujo na dola 1,000 nyingine katika uchaguzi wenyewe. Ukisoma sheria hiyo utadhani ni kinyang'anyiro cha majirani. Kilipokwisha, zilikuwa zimetumika karibu dola milioni 9! Kwa kiti ambacho mshahara wake wa mwaka haukufika dola 50,000. Haikuwahi kutokea katika kinyang'anyiro cha ubunge wa jimbo hili.

Zilipita wapi, ikiwa kikomo ni dola 1,000? Hapa ndipo ninapowaomba mtulie mnisikilize, kwa sababu kila mwaka watu hulipita jambo hili haraka. Kikomo ni cha pesa anayopewa mgombea. Kamati inayojitegemea, isiyoshauriana naye, haina kikomo. Basi kamati ya kitaifa ya Democratic inayoshughulikia mabunge ya majimbo, DLCC, na mwenzake wa Republican, RSLC, pamoja na vyama vya wafanyakazi, matajiri na makampuni, hutia pesa katika kamati za hapa zenye majina matamu ya familia na uongozi na mustakabali. Kamati hizo ndizo zinazonunua matangazo ya televisheni na kujaza visanduku vya barua. Na kwa kuwa sheria inazikataza kushauriana na mgombea, mgombea mwenyewe hana sauti juu ya kinachosemwa kwa ajili yake. Mwaka ule upande mmoja ulihubiri Donald Trump, Trump, Trump. Upande wa pili ukahubiri hofu ya kodi ya mapato na ya vituo vya kujidungia heroini vilivyopendekezwa Seattle. Mkazi wa Duvall mwenye shida na barabara yake alibaki anatazama ugomvi wa taifa zima ukipiganiwa sebuleni kwake.

Dhingra alishinda kwa takriban asilimia 55. Seneti ikawa ya Democratic, 25 kwa 24. Mwaka uliofuata, 2018, yakapita mambo yaliyokuwa yamekwama kwa miaka: sheria ya haki za kupiga kura ya jimbo, kujiandikisha kupiga kura siku ile ile ya uchaguzi, uandikishaji wa moja kwa moja, marufuku ya kifaa kinachoifanya bunduki ifyatue mfululizo. Mimi nilizifurahia sheria hizo na bado nazifurahia. Asiseme mtu kwamba nalaumu matokeo.

Ninacholaumu ni hiki. Ile pesa haikuja Redmond kwa sababu watu wa Redmond walikuwa na shida kuliko watu wa Kent. Ilikuja kwa sababu kile ndicho kilikuwa kiti cha 25 kati ya 49, kinachompa mtu wingi wa Seneti. Tazameni sisi tunakoishi: wilaya ya 11, ya 33, ya 37. Tukwila, SeaTac, Kent, Renton, kusini mwa Seattle. Hivi ni viti salama vya Democratic. Kamati ya kitaifa ikitazama takwimu zake, inaona hapa hakuna cha kushinda wala cha kupoteza, inafunga faili. Na pesa ya kampeni haiishii kwenye televisheni. Ndiyo inayomlipa kijana abishe hodi mlangoni, ndiyo inayopiga simu kwa Kiswahili au Kisomali, ndiyo inayomweleza mtu aliyepata uraia juzi namna ya kujaza karatasi ya kura iliyokuja kwa posta. Isipokuja pesa, hakuna hodi. Halafu idadi ya wapiga kura wetu ikishuka, wanasema jamii hizi hazijali siasa! Mtu hajaulizwa hata mara moja, kisha anaambiwa hajali.

Kuna ndugu atasema, kama anavyosema kila mara: pesa hainunui kura, mfano New Jersey. Ni kweli, na mfano wenyewe naupenda. Mwaka 2017, katika wilaya ya 3 ya jimbo lile, rais wa Seneti Stephen Sweeney wa Democratic alipambana na chama cha walimu cha jimbo katika kinyang'anyiro kilichokula zaidi ya dola milioni 18, akashinda. Miaka minne baadaye akaangushwa na Edward Durr wa Republican, dereva wa lori aliyefanya kampeni kwa pesa kidogo mno. Sawa. Lakini jiulize kwa nini Durr alikuwa na pesa kidogo. Hakuna kamati ya kitaifa iliyoamini kwamba kile kiti kinaweza kugeuka. Wapiga kura wa pale walikuwa na hasira zao muda wote, na wataalamu wa pesa hawakuwa na habari. Kwa hiyo huo mfano unanisaidia mimi.

Mwingine atasema chama kina haki ya kutumia pesa zake kwa busara. Kina haki. Republican walifanya hivyo mwaka 2010 kwa mpango walioupa jina REDMAP: kama dola milioni 30, zikalengwa kwenye mabunge ya majimbo, ambayo mengi ndiyo huchora mipaka ya wilaya, hata za Baraza la taifa, kabla tu ya mipaka hiyo kuchorwa upya baada ya sensa. Walipata zaidi ya viti 600 vya mabunge ya majimbo. Mwaka 2012 wagombea wa Democratic katika Baraza la Wawakilishi la taifa walipata kura zaidi ya milioni moja kuliko wenzao, na bado Republican wakashika viti 234 kwa 201. Kwa kulinganisha na gharama za kampeni za urais, ile ilikuwa bei ya bure. Tangu hapo vyama vyote viwili vimejifunza, na ndiyo maana kiti cha seneti ya jimbo leo kinapiganiwa kutoka mbali.

Michigan nitaipita haraka. Mwaka 2022 Democratic waliipata Seneti ya kule, 20 kwa 18, kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980. Pesa ya kitaifa ilikuwepo, lakini iliwezekana kwa sababu mipaka ilichorwa na tume huru waliyoipigia kura wananchi wenyewe mwaka 2018.   

Nirudi kwetu, maana naoneshwa saa. Nyumbani tumezoea kwamba anayetaka tiketi ndiye anayekilipa chama ada ya uteuzi. Hapa watu wetu wanangoja pesa ya chama ishuke. Katika wilaya salama haitashuka, basi acheni kuingoja. Kiti salama huamuliwa mapema: wagombea hujiandikisha Mei kwa ada ya asilimia 1 ya mshahara wa kiti, na mchujo ni Jumanne ya kwanza ya Agosti, ambapo wawili wa juu ndio wanaopita, wawe wa chama chochote. Agosti wapiga kura ni wachache, kwa hiyo misikiti miwili na makanisa matatu yakiamua kujipanga, yanaonekana. Na dola 50 za watu 200 katika mchujo wa namna hiyo zinamfanya mgombea apokee simu yako.

Mwenye grinikadi, yaani ukaazi wa kudumu bila uraia, nisikilize vizuri: kupiga kura usithubutu, utajiharibia makaratasi yako yote. Kuchangia kampeni unaruhusiwa kisheria. Na michango anayopokea mgombea imeandikwa kwenye tovuti ya Tume ya Uwazi ya jimbo, PDC, bure kwa kila mtu. Simu zenu mnazo. Fungueni sasa hivi, tafuteni seneta wa wilaya yenu, tazameni waliompa pesa wanaishi wapi, halafu tuanze maswali.