Nyambizi 52 Kando ya Maji

REHEMA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tunakwenda San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, kwenye njia inayopita kando ya mkono wa bahari ambako kila nyambizi ya Marekani iliyopotea katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ina jiwe lake. Mawe hayo ni 52. Ndugu Idrisa, kwa nini kumbukumbu hii iliwekwa hapo?

IDRISA: Ahsante, Dada Rehema. Eneo hilo, ambalo leo huitwa Liberty Station, lilikuwa kituo cha kuwafunza mabaharia wa kivita tangu mwaka 1923 hadi 1997. Waliokufa katika nyambizi hizo 52 ni zaidi ya 3,500. Askari wa nyambizi hawakufika hata asilimia 2 ya jeshi lote la majini, ilhali ndio waliozamisha zaidi ya nusu ya meli za biashara za Japani zilizopotea vitani. Na kati ya waliotoka kwenda doria, takriban mmoja katika kila watano hakurudi.

REHEMA: Na wote hao walizamishwa na adui?

IDRISA: La, na hapo ndipo penye uchungu. Mnamo Oktoba 1944 nyambizi Tang ilifyatua topido lake la mwisho, yaani bomu linalokwenda lenyewe chini ya maji, likapinda njia, likazunguka na kuirudia yenyewe. Watu 78 walikufa na 9 wakaokoka. Mwezi huohuo Seawolf ilipotea na watu wake wote, na inaaminika kwamba ilishambuliwa na meli ya Marekani iliyoidhania kuwa ya Wajapani.

REHEMA: Msikilizaji akifika huko na kuwa na muda wa kusimama mbele ya jiwe moja tu, ungemshauri lipi?

IDRISA: La Sculpin, bila kusita. Mwaka 1939, kabla ya vita, nyambizi iitwayo Squalus ilizama katika mazoezi, na Sculpin ndiyo iliyogundua mahali ilipolala, watu 33 wakaokolewa wakiwa hai. Squalus iliinuliwa, ikatengenezwa na kupewa jina jipya, Sailfish. Novemba 1943 Sculpin ikaharibiwa vibaya karibu na Truk, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, hata ikabidi mabaharia waiache. Kapteni John Cromwell, aliyejua siri nzito za kijeshi, alichagua kuzama nayo ili asije akatekwa na kuteswa hadi aseme.

REHEMA: Na wale waliotekwa?

IDRISA: Walikuwa 41, wakagawanywa katika manowari mbili za Kijapani za kubebea ndege. Mojawapo ya manowari hizo, Chuyo, iliyowachukua 21, ilipigwa topido usiku wa dhoruba mapema Desemba, na mateka mmoja tu ndiye aliyesalimika. Nyambizi iliyoipiga ilikuwa Sailfish, ambayo haikuwa na habari yoyote kwamba ndani ya meli ile wamo mabaharia wa Sculpin.

REHEMA: Yaani ileile iliyotafutwa na Sculpin mwaka 1939! Basi jiwe la Sailfish liko umbali gani na la Sculpin?

IDRISA: Halipo, Dada Rehema. Sailfish ilirudi nyumbani salama.