Kichwa cha risasi na mtutu wa Winchester kongwe: kipimo kwanza, ugumu baadaye

Ndugu zangu, habari za jioni, na ahsanteni kwa kuja. Kwanza tuelewane lugha. Jioni hii nikisema kichwa, nina maana ya kile kipande kinachoruka. Ganda ni kile kikopo cha shaba. Katriji ni vyote viwili pamoja na baruti na fataki yake, yaani kile kidude kidogo cha kitakoni kinachoiwasha baruti. Na risasi nitaiachia madini yenyewe, yale mazito ya kijivu.

Bunduki yetu ni Winchester ya mwaka 1873, ile inayokokiwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio. Ilitengenezwa New Haven, Connecticut, na zilitoka zaidi ya 700,000. Katriji yake maarufu ni .44-40: baruti nyeusi greni 40 nyuma ya kichwa cha greni 200, yaani karibu gramu 13. Hiyo 44 isikudanganye, kichwa chake hakijawahi kuwa na kipenyo cha inchi 0.44. Kipimo kinachotajwa vitabuni ni inchi 0.427, milimita 10.85. Sasa chukua bunduki kumi za zamani uzipime: utakuta mtutu wa inchi 0.425, mwingine 0.429, mwingine umefika 0.433. Zana za kiwandani zilikuwa zikichakaa na kunolewa upya, na baada ya hapo imepita zaidi ya miaka mia ya kutu, chumvi za fataki za zamani na vijiti vya kusafishia.

Mtu akinunua vichwa vya 0.427 dukani akavipiga kwenye mtutu wa 0.431, vitatoka vikiyumba, karatasi ya shabaha itatobolewa kwa ubavu, na mtutu utajaa ukoko wa risasi. Wengi hapo hukimbilia dawa moja: kukaza madini, waongeze antimoni kichwa kiwe kigumu zaidi. Tatizo ndipo linapozidi. Ugumu hautibu upungufu wa kipenyo. Kichwa kidogo na kigumu hakitanuki kuziba mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Gesi ya moto hupita pembeni mwake, huyeyusha ubavu wake na kuubandika kwenye chuma. Kwa hiyo jioni hii ugumu nimeuweka mwisho makusudi.

Tupime mtutu. Hakikisha bunduki haina kitu: fungua wenzo, tazama chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu inamokaa katriji, tazama na magazini, yaani ghala la katriji, kisha ingiza kidole uhakikishe tena. Safisha mtutu mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia, kwa sababu ukoko wa zamani utakupa kipimo kidogo cha uongo. Paka mafuta kidogo sana. Tafuta kipande cha risasi laini tupu, kinene kidogo kuliko mtutu. Chubwi ya mvuvi yenye unene wa milimita 11 na nusu hivi inafaa kabisa. Ikwaruze kwa ukucha: isipoacha alama, ina antimoni ndani yake, itupe.

Winchester hii huwezi kuiingizia kijiti kwa nyuma, muundo wake hauruhusu, kwa hiyo tunaanzia mdomoni. Weka chubwi kwenye mdomo wa mtutu, igonge taratibu kwa nyundo ya mbao au plastiki mpaka iingie yote. Mdomo utakata pete nyembamba ya risasi, iondoe. Kisha sukuma kwa fimbo ya shaba ya milimita 9 na nusu, iliyozungushiwa utepe isikwaruze. Fimbo ya mbao msitumie. Mbao hupasuka mshazari, vile vipande viwili vikapandana kama kabari ndani ya mtutu, na kuvitoa ni kazi ya siku nzima.

Unaposukuma, mkono wako ndio unaosoma. Chubwi ikianza kwa wepesi kisha ikakaza, mdomo umelika, na kwenye bunduki zinazosafishwa kwa mbele hilo ni la kawaida. Ikikaza ghafla kisha ikalegea, angalia kwa nje: mara nyingi ni pale palipochongwa nafasi ya kuwekea kilenga cha nyuma. Sukuma mpaka idondokee kwenye chemba, uipokee kwa kitambaa.

Hii hapa moja, ipitisheni mkono kwa mkono. Mnaona matuta sita yaliyoinuka, na katikati yao mabonde sita. Tuta la chubwi ndilo mfereji wa mtutu. Kwa kuwa Winchester ina mifereji sita, kila tuta linatazamana na tuta lingine, kwa hiyo maikromita ya kawaida inatosha. Mtutu wa mifereji mitano au saba ungehitaji maikromita yenye kitako cha umbo la V. Kalipa za kuteleza ziacheni kwa kazi za mbao, hapa tunatafuta sehemu ya mia ya milimita. Pima jozi zote tatu, chukua kubwa.

Lakini risasi haina tabia ya kurudi. Ikishabanwa mahali pembamba, inabaki na kipimo cha pale. Chubwi iliyopita mtutu mzima inakueleza sehemu nyembamba kuliko zote, basi. Haikuelezi koo, yaani pale kichwa kinapotoka kwenye ganda na kuanza kuukamata mtutu, na koo ndilo linalotawala. Hapo hutumika aloi ya bismuthi iitwayo Cerrosafe, inayoyeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi. Ziba mtutu kwa kitambaa sentimita mbili mbele ya chemba, pasha bunduki moto kidogo, mimina, ngoja igande, kisha isukume itoke kwa nyuma. Aloi hii hunywea katika nusu saa ya kwanza, halafu huanza kutanuka, na inapofika saa moja tangu imiminwe huwa sawasawa na chemba. Pima wakati huo. Ukiiacha mpaka kesho utapima kitu kingine.

Sasa tuna namba tatu: mifereji, koo na shingo ya chemba, yaani pale inapokaa shingo ya ganda iliyokishika kichwa. Hii ya tatu husahaulika sana, nayo ndiyo yenye hatari. Tuchukue mfano wa namba. Mifereji ni milimita 10.92, koo ni 10.95. Kawaida tunataka kichwa kiizidi mifereji kwa milimita 0.025 hadi 0.05, na kilingane na koo. Basi tuseme 10.95. Ganda la .44-40 ni jembamba sana shingoni, karibu milimita 0.18 kila upande. Jumlisha: 10.95 na 0.36 ni 11.31. Ikiwa shingo ya chemba ilisomeka 11.38, kuna nafasi ya 0.07, vizuri. Ikiwa ilisomeka 11.32, simama hapo hapo. Baruti inapowaka, shingo ya ganda lazima ipate pa kutanukia ili ikiachie kichwa. Isipopata, shinikizo hupanda, na mitambo ya 1873, ile mikono yake miwili inayokunjika kama goti, haikuumbwa kwa shinikizo kubwa. Chemba za zamani kwa bahati ni pana, kwa hiyo mara nyingi mambo huwa mazuri. Jaribu kwanza na katriji ya bandia isiyo na baruti wala fataki: iingie bila kulazimishwa.

Hapo ndipo tunakuja kwenye kalibu, chombo cha kumiminia risasi iliyoyeyuka ipate umbo la kichwa. Kalibu iliyoandikwa 427 imepimwa kwa aloi fulani, si kwa aloi yako. Risasi yenye antimoni nyingi hunywea kidogo inapopoa, risasi tupu hunywea zaidi. Kalibu hiyo hiyo moja inaweza kutofautisha vichwa kwa karibu milimita 0.05 kati ya risasi tupu na aloi ya wapiga chapa, na tofauti hiyo ndiyo yote tunayoipigania. Kwa hiyo kalibu inunuliwe ikiwa kubwa kuliko kipimo unachotaka, kwani kichwa kikubwa kinapunguzika kwenye dai, lile tundu la chuma kinamosukumwa kipungue kipenyo. Kidogo hakina dawa ya kweli. Ujanja wa kubandika utepe wa alumini unaostahimili moto kwenye nyuso za kalibu ili isifunge kabisa upo na unafanya kazi, ila vichwa hutoka na umbo la yai, lazima vipitishwe kwenye dai baadaye. Na dai isipunguze zaidi ya milimita 0.05 kwa mara moja, usije ukaviringisha kitako cha kichwa. Kitako ndicho usukani: kikiwa na pengo upande mmoja, gesi hukisukuma kando kinapoacha mdomo wa mtutu.

Umbo nalo. Katriji za bunduki hii hulala kwenye bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa fataki ya ile. Kwa hiyo pua iwe bapa, isije ikaigonga fataki na kuiwasha, hapana mjadala. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwaka 1909 alikuja na Winchester pia, lakini ile ilikuwa ya 1895, ya .405, yenye magazini ya sanduku, na humo pua ya kichwa haigusi fataki ya katriji nyingine. Bomba lina shida nyingine: springi yake husukuma katriji zote nyuma, na kichwa kinaweza kuzama ndani ya ganda. Zamani baruti nyeusi ilijaza ganda lote ikakishikilia kwa chini, ndiyo maana vichwa vya mtindo wa kale havina mfuo wa kubania. Ukitumia baruti isiyo na moshi, inayoacha nafasi tupu ndani ya ganda, chagua kalibu yenye mfuo na ukunje mdomo wa ganda humo.

Aloi: risasi sehemu 20 kwa bati sehemu 1 ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu yeyote mwenye mtutu wa namna hii. Kwa chungu cha kilo 5 ni risasi kilo 4.76 na bati gramu 240. Ugumu wake ni karibu 10 kwa kipimo cha Brinell, wakati risasi tupu ni 5 na aloi ya wapiga chapa ni 22. Ukitumia baruti nyeusi unaweza kushuka hadi 30 kwa 1, kwa sababu pigo lake la ghafla hukitanua kichwa laini kikaziba mifereji, hata pale mdomo wa mtutu ulipolika. Vile vipande vya kubalansia matairi vilikuwa mali zamani, siku hizi vingi ni zinki au chuma. Zinki huyeyuka nyuzi 419, basi shikilia chungu chini ya 400, nayo itaelea uiondoe kwa kijiko. Ikishaingia, aloi huwa kama uji uliokatika na haijazi kalibu tena.

Mimina kwenye nyuzi 370 hivi. Vichwa vyenye mikunjo: kalibu ni baridi au ina mafuta. Vyenye ukungu mweupe: ni moto sana, punguza mwendo. Unapima uzito wa kila kimoja, na chenye pungufu ya zaidi ya greni moja kina tundu la hewa ndani, kirudishe chunguni. Maji yasikaribie kabisa. Tone moja chini ya risasi iliyoyeyuka hulipuka mvuke na kukurushia chungu kizima usoni. Vaa miwani na glovu, fanya kazi mahali penye hewa, nawa kabla ya kula, na watoto wasiwe karibu. Na tusisahau sheria: Kenya na Tanzania bunduki na katriji zake ni mambo ya leseni, wakati Marekani silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla inahesabiwa ya kale chini ya sheria ya 1968. Kila mtu aulize kwao.

Grisi inayopakwa kwenye kichwa iende na baruti. Kwa baruti nyeusi tumia nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe au ya zeituni. Grisi za petroli zikikutana na masizi ya baruti nyeusi huwa lami ngumu. Kipimo cha baruti chenyewe kichukue kwenye kitabu cha mtengenezaji, ukurasa wa 1873. Vitabu vingine vina ukurasa wa pili wa bunduki ya 1892, yenye mitambo imara zaidi. Ukurasa huo si wako.

Kuna mtego mmoja wa mwisho, nao huwapata hata wazoefu. Umepima kila kitu, kichwa chako ni 10.95 kikiwa mkononi, umekiingiza kwenye ganda. Je, bado ni 10.95? Seti nyingi za zana zina kipanuzi cha shingo kilichotengenezwa kwa vichwa vya 10.85. Shaba ni ngumu kuliko risasi laini, kwa hiyo ganda hukikamua kichwa kinapoingia. Chukua katriji ya bandia, ng'oa kichwa kwa kile kinyundo cha kung'olea, pima kitako chake. Kikiwa 10.88, kazi yote ya jioni hii imepotelea hapo. Dawa ni kipanuzi kikubwa zaidi, pungufu ya kichwa kwa milimita 0.05 tu, na mdomo wa ganda upanuliwe kidogo usichune risasi.

Baada ya kupiga kumi, tazama mtutu kwa taa. Ukoko wa risasi ukiwa karibu na chemba, kichwa ni kidogo au kimekamuliwa. Ukiwa karibu na mdomo, grisi imeisha njiani. Mdomo wenyewe ukionyesha nyota ya grisi yenye pembe sita, umepatia. Ukoko uondoe kwa nyuzi za shaba nyekundu za kusugulia sufuria, zimezungushwa kwenye burashi kuukuu, lakini zijaribu kwa sumaku kwanza: nyingi za madukani ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na zitaukwaruza mtutu.