Pointi 40 za Ernie Nevers

KAKA: Karibuni tena kipindini. Leo dada yangu amekuja na karatasi yenye namba moja tu: 40.

DADA: Arobaini, kaka! Ni pointi za mchezaji mmoja katika mechi moja ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na haijafikiwa na mtu tangu 1929! Tarehe 28 Novemba, Sikukuu ya Shukrani kule Marekani, Chicago Cardinals walikutana na majirani zao, Chicago Bears. Wakashinda 40 kwa 6, na pointi zote 40 ni za mtu mmoja, Ernie Nevers.

KAKA: Hebu wapigie hesabu wasikilizaji waliozoea soka letu.

DADA: Ukifikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani, hiyo ni tachidauni, pointi 6. Kisha unapewa nafasi ya kuupiga teke upite katikati ya milingoti, pointi 1. Nevers alipata tachidauni sita, zote kwa kukimbia na mpira, na mateke akapiga mwenyewe. Manne yakapita. Thelathini na sita, na nne.

KAKA: Hapo hapo ndipo penye siri! Mtu ametoka kuangukiwa na mabeki, anainuka, anavuta pumzi, anapiga teke. Siku hizi mpigaji mateke ana kazi hiyo moja tu.

DADA: Ndiyo maana kinara wa pointi za maisha yote ya uchezaji ni mpigaji, Adam Vinatieri: 2,673. Huyu ndiye aliyekuwa timu ya Colts pale Mkenya Daniel Adongo alipoacha raga na kujiunga nao, 2013.

KAKA: Vinatieri namheshimu, ila moyo wangu uko kwa wakimbiaji. Gale Sayers wa Bears, Desemba 1965! Msimu wake wa kwanza, uwanja wa Wrigley Field ni tope tupu, wenzake wanateleza, yeye anakata kona kama yuko kwenye lami. Tachidauni sita dhidi ya San Francisco. Moja alipokea pasi akakimbia nayo, yadi 80 kwa jumla. Nyingine wapinzani waliupiga mpira mbali kuuondoa kwao, akaudaka, akaurudisha yadi 85.

DADA: Na kocha wake ni George Halas. Huyu mzee amenigusa sana. 1929 Bears ni yake, Nevers anamtandika. 1951 Dub Jones wa Cleveland anawafunga Bears hao hao tachidauni sita. Miaka 36 baada ya Nevers, ndipo naye akampata wa kwake.

KAKA: Halafu kimya mpaka Krismasi ya 2020.

DADA: Alvin Kamara wa New Orleans Saints! Kiatu kimoja chekundu, kingine kijani. Sita, zote kwa kukimbia, kama Nevers. Saints 52, Vikings 33.

KAKA: Lakini pointi zake ni 36, maana mateke si yake.

DADA: Sasa sikia kinachoniuma. Saints walipata tachidauni saba siku hiyo. Ile moja walifika karibu kabisa na mstari, mpira akapewa Taysom Hill, akaingia nao.

KAKA: Wangempa Kamara...

DADA: Saba mara sita, kaka. Arobaini na mbili.