Uchaguzi wa Rais na Hisa Zetu za Nairobi

Hamjambo wanachama. Mmeniuliza tufanye nini na hisa zetu uchaguzi wa rais wa Kenya wa 2027 ukikaribia. Mwenyekiti amenipa muda mfupi, kwa hiyo niingie moja kwa moja kwenye Ijumaa ya tarehe 1 Septemba 2017.

Siku hiyo Jaji Mkuu David Maraga alitangaza kwamba Mahakama ya Juu imefuta uchaguzi wa rais wa Agosti 8. Wanasheria wengi walisifu. Kwenye Soko la Hisa la Nairobi, bei ziliporomoka mpaka biashara ikasimamishwa kwa muda. Safaricom, kampuni ya simu, iliumia vibaya. Sasa niambieni, Safaricom ilikuwa imekosa nini? M-Pesa ilikuwa inafanya kazi, na watu walikuwa wakinunua muda wa maongezi kama jana yake. Lakini meneja wa mfuko wa uwekezaji aliye London akitaka kupunguza pesa zake Kenya, huuza kile ambacho kina mnunuzi. Hisa za kampuni ndogo atazitembeza wiki nzima bila kupata mtu. Za Safaricom, na za benki za Equity na KCB, zinachukuliwa papo hapo. Ndiyo maana kampuni nzuri ndizo huanza kuchapwa. Na Safaricom ilivyo kubwa sokoni, ikishuka inashuka na fahirisi, yaani kipimo cha bei za soko kwa jumla.

Husemwa sana kwamba wawekezaji wanamwogopa mgombea fulani. Mimi sikubali, au tuseme nakubali kidogo tu. Kinachowanyima usingizi zaidi ni kutojua mvutano utaisha lini.

Tazameni 2007. Tarehe 30 Desemba Mwai Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa jioni ile ile. Upinzani ulikataa kwenda mahakamani, kwani hawakuwa na imani nayo, na nchi ikawaka moto. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Nani angekaa na kukadiria faida ya kampuni wakati barabara ya kwenda Kisumu haipitiki? Kibaki na Raila Odinga wa upinzani walitia saini mkataba wa kuunda serikali ya muungano tarehe 28 Februari 2008, mbele ya msuluhishi Kofi Annan. Mwezi mmoja baadaye serikali ilifungua mauzo ya hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na foleni mnazikumbuka wenyewe. Mawaziri wa serikali hiyo walikuwa hata hawajatajwa! Saini ile ilitosha kuwarudisha watu.

Katiba ya 2010 ikaleta kalenda. Matokeo hutangazwa ndani ya siku 7 baada ya kura. Mlalamishi ana siku 7 za kuwasilisha kesi, mahakama ina siku 14 za kuamua, na uchaguzi ukifutwa, mwingine hufanywa ndani ya siku 60. Kwa hiyo 2017, hata katika mshtuko ule, dalali aliweza kumwambia mteja wake mwisho ni lini. 2022 kesi iliamuliwa tarehe 5 Septemba, ndani ya muda.

Swali mliloniletea ni la 2027. Kura ni Agosti 10. Hesabuni kwa hiyo kalenda: kukiwa na kesi, uamuzi unaweza kufika Septemba 7, na kura ikirudiwa tunaingia Novemba. Mwenye hisa anazokusudia kukaa nazo miaka kumi anaweza kulala. Ila pesa ya karo ya muhula wa tatu isiwe kwenye hisa ifikapo Julai. Iuzeni mapema, wakati wanunuzi wapo.