Mchungaji wa Magincia

Wazee wangu, kina mama, na ninyi wanangu mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Nimeombwa nizungumzie maadili. Najua wengi mlitegemea nianze na Shaaban Robert, maana tupo Tanga, na Vibambani alikozaliwa mwaka 1909 si mbali na hapa. Nitamfikia. Lakini naomba nianzie kwenye nchi nyingine isiyokuwamo kwenye ramani yoyote, jina lake Britannia. Ni nchi iliyomo ndani ya gemu ya kompyuta.

Naona mnatazamana. Nivumilieni kidogo.

Gemu yenyewe inaitwa Ultima IV. Ilitoka mwaka 1985, na aliyeitunga ni Richard Garriott, mtu aliyezaliwa Uingereza akakulia Marekani. Alikuwa amekwisha kutunga tatu kabla ya hiyo, na katika zote tatu kazi ya mchezaji ilikuwa ile tunayoijua: yuko dhalimu, mtafute, mmalize. Katika hii ya nne dhalimu hayupo. Unaingia nchini, unatembea mijini, unanunua, unaongea na watu, unapigana na majitu porini, na kazi uliyopewa ni moja tu: uwe mtu mwema. Basi. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza sikuamini kwamba mtu anaweza kukaa mbele ya kompyuta usiku kucha kwa ajili ya jambo hilo.

Falsafa ya nchi hiyo ina mizizi mitatu: ukweli, upendo na ujasiri. Ukweli peke yake unazaa uaminifu. Upendo peke yake unazaa huruma. Ujasiri peke yake, ushujaa. Ukweli ukikutana na upendo inapatikana haki. Upendo na ujasiri, kujinyima. Ukweli na ujasiri, muruwa. Yote mitatu kwa pamoja, uchaji. Hizo ni fadhila saba. Ya nane ni unyenyekevu, nao haukutoka kwenye mzizi wowote. Wenye hekima wa Britannia wanasema hivi: mtu asiye na ukweli, wala upendo, wala ujasiri, kinachobaki kwake ni kiburi, na kwa kuwa kiburi si fadhila, tushike kinyume chake, ndio unyenyekevu.

Maneno hayo yamenisumbua miaka mingi. Fadhila saba zina wazazi, ya nane yatima. Kwa nini? Hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Nilifundisha Kiswahili sekondari miaka 26. Mwaka mmoja tuliletewa kompyuta 5 kuukuu, nzito kama mawe ya kusagia, zisizoweza kufungua chochote cha kisasa. Mpwa wangu akaja na hiyo gemu kwenye flashi, akasema, "Shangazi, hii ni nyepesi, itakubali." Ikakubali. Tatizo Kiingereza chake ni cha kale, wanafunzi hawakuelewa hata nusu. Ikabidi nikae na kamusi niwatafsirie majina ya fadhila, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Mngeniona! Kujinyima mwanzoni niliita "kujitolea". Mtoto mmoja akauliza, "Kama wale wa kujitolea wanaolipwa posho?" Nikafuta. Nikaandika "kujitoa mhanga". Wakanyamaza wote, wakakodoa macho, kwa sababu siku hizi neno hilo wanalisikia kwenye taarifa ya habari tu, likiambatana na bomu. Neno zuri la wazee limeharibiwa namna hiyo. Ndipo nikafika kwenye kujinyima, nikakumbuka mama aliyekuwa akisema ameshashiba huku sufuria tunaiona imekauka. Na muruwa nimeupata kwa babu mmoja wa Ngamiani. Mimi nilikuwa nimeweka "heshima". Akaniambia, "Heshima, mwanangu, unapewa na watu, na watu hao hao wanaweza kukunyang'anya. Muruwa unao mwenyewe hata ukiwa peke yako chumbani." Nilirudi shuleni siku hiyo nikatembea kwa miguu njia nzima, nikiliwaza lile jibu.

Unapoanza gemu, mtabiri anakuuliza maswali saba. Fadhila nane zinapambanishwa kama kombe la mchujo: robo fainali nne, nusu fainali mbili, fainali moja. Hakuna swali lenye jibu baya. Kwa mfano: umekabidhiwa mfuko wa dhahabu, umpelekee mtu, na fedha haijahesabiwa. Njiani unakutana na ombaomba. Utaufikisha mfuko kamili kama ulivyoaminiwa, au utamtolea maskini sarafu moja, ukijua hakuna atakayegundua? Niliwageuzia mfano: umebeba pesa za upatu wa kina mama wa mtaani kwenu. Darasa liligawanyika hadi kengele ikalia. Binti mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, sadaka haitoki kwenye mfuko wa mwenzio." Mvulana akamjibu, "Na njaa yake haingoji wewe ufike ukaombe ruhusa." Mpaka leo sijui nimpe nani maksi.

Sasa niwaeleze jambo lililonigusa zaidi. Britannia uganga hufanywa kwa vitu vya dukani: kitunguu saumu, hariri ya buibui, jivu la kiberiti, lulu nyeusi. Muuzaji wake ni kipofu. Anakutajia bei, kisha unaandika mwenyewe kiasi unacholipa. Ukiandika pungufu, anapokea, biashara inaendelea. Wanafunzi wangu walipogundua hilo, walicheka kwa furaha. Walilipa sarafu moja moja, wakajaza mikoba. "Haoni, mwalimu!" Baadaye kidogo mmoja akageuka, uso umebadilika, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kwani gemu inajua?"

Ndiyo, ilikuwa inajua. Ndani yake mna hesabu iliyofichwa ya kila fadhila, na kila walipompunja kipofu uaminifu wao ulikuwa unashuka, bila kengele, bila alama nyekundu kwenye skrini. Yuko mwaguzi kwenye ngome ya mfalme ambaye ukimwendea anakueleza umefikia wapi. Walimwendea. Waliyoambiwa hayakuwapendeza.

Wao walikuwa watoto, na kipofu wao wa kwenye kompyuta. Mimi wangu alikuwa mtu hasa. Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu alikuwapo mzee kipofu akiuza kashata. Alikaa barazani na sinia mapajani, kashata zimepangwa mistari. Ukimpa pesa yako anasema, "Chukua zako mwenyewe." Siku moja nililipa za tatu nikachukua nne. Nikavuka barabara nikasimama nyuma ya ukuta, nikageuka kumtazama. Nikauona mkono wake ukipita juu ya sinia, kidole kimoja kinagusa kashata moja moja, taratibu, kama mtu anayehesabu tasbihi. Ukafika kwenye pengo. Ukasimama. Kisha akazisogeza zile nyingine, akaliziba pengo, mstari ukanyooka. Hakuita. Hakumuuliza mtu aliyekaa naye ni nani aliyepita. Kesho yake nilitumwa tena, akaniambia vilevile: "Chukua zako mwenyewe."

Sikumlipa. Nilikua, nikaenda masomoni, niliporudi alikuwa amekwisha kuzikwa. Nimelieleza hili leo kwa sababu sijui mtu mwingine aliyenionyesha unyenyekevu ulivyo kwa karibu namna ile. Angeweza kunifedhehesha mtaa mzima, na haki ilikuwa upande wake.

Turudi kwenye gemu. Siisifu yote. Wanafunzi waligundua kwamba ukimpa ombaomba sarafu moja, ukarudi ukampa nyingine, na nyingine tena, huruma yako inaendelea kupanda. Basi wakamzunguka yule maskini kama wateja dirishani, sarafu moja moja, mpaka hesabu ijae. Huo ni udhaifu mkubwa. Kitu kikishahesabiwa, mwanadamu atatafuta njia ya kuijaza hesabu bila kukifanya chenyewe. Tunayajua haya. Tumeona misaada inayotolewa picha zikiwa zimeshapangwa, mfuko wa unga mmoja na mikono kumi imeushika.

Lakini unyenyekevu una kinga ambayo fadhila nyingine hazina. Mle mijini wapo watu wanaokuuliza maswali ya mtego: je, wewe ndiye shujaa kupita wote? Ukijibu ndiyo, unyenyekevu wako unapungua. Maana yake huwezi kuutangaza. Mtu anaweza kusema "mimi mkweli" na akawa mkweli kweli. Anaweza kusema "mimi sina woga" na ikawa hivyo. Aseme "mimi mnyenyekevu", sentensi yenyewe imeshamkana. Nafikiri ndiyo maana haukupewa mzizi. Ungekuwa na mzizi, mtu angeushika akasema huu hapa, niangalieni.

Garriott mwenyewe alilipeleka jambo hili mbele katika gemu iliyofuata, ya mwaka 1988. Mfalme amepotea, nchi imeshikwa na mtawala jina lake Blackthorn, na huyu hazikatai fadhila hata kidogo. Anazipenda mno hadi amezigeuza sheria. Usiseme uongo, ama utakatwa ulimi. Toa nusu ya kipato chako kwa maskini, ama usiwe na kipato kabisa. Na kuhusu unyenyekevu sheria yake inaagiza hivi: jinyenyekeze kwa wakubwa wako, ama ghadhabu yao ikupate.

Sikilizeni hapo vizuri. Sheria za uongo na sadaka ni katili, lakini walau bado zinataja kitu kilekile. Ile ya unyenyekevu imeshakuwa kitu kingine. Amechukua neno la kushuka mwenyewe kwa hiari, akalifanya neno la kushushwa. Hilo ndilo linalonichoma, kwa sababu hapa kwetu tunafanya vivyo hivyo bila kuwa na Blackthorn. Tunasema fulani mnyenyekevu, na tunachomaanisha ni mnyonge: haulizi, habishi, akidhulumiwa anasema alhamdulillahi na kuondoka. Msichana wa kazi asiyelalamika mshahara tunamwita mnyenyekevu. Huyo hajanyenyekea. Amekosa pa kusemea.

Na sasa nimefika kwa Shaaban Robert, kama nilivyoahidi. Mwaka 1951, miaka mingi kabla ya gemu hizi, mwana wa Tanga huyu alitujengea nchi ya kubuni iliyo angani, Kusadikika, na watu wake akawapa majina ya tabia. Mshitakiwa anaitwa Karama, na kosa lake ni kutaka watu wafundishwe uanasheria. Anayemshitaki ni waziri mwenye nguvu kuliko wote, na jina la waziri huyo ni Majivuno. Hakumwita Uongo, wala Ukatili, wala Uchoyo. Kwa siku sita Karama anasimama mbele ya baraza akieleza habari za wajumbe sita waliotumwa nje kuitafutia nchi mema, wakaishia kifungoni waliporudi. Anasema kwa adabu, hatukani, hajisifu. Wala hanyamazi.

Nikimweka Karama karibu na ile fadhila ya nane, naanza kupata picha. Yule ni mnyenyekevu na sauti yake inasikika hadi mwisho wa ukumbi. Na mzee wa kashata ni mnyenyekevu na hakusema neno. Sijui kama ipo kanuni moja inayowatosha wote wawili. Ninachokiona ni kwamba wote wawili, wakati wa kutenda, macho yao hayakuwa juu yao wenyewe. Karama alikuwa akiwaangalia wale sita. Mzee alikuwa akimwangalia mtoto mwizi, kwa namna aliyoweza kuangalia.

Nimalizie kwa mwanafunzi mmoja. Ukijibu maswali ya mtabiri kwa namna ya kuuchagua unyenyekevu hadi fainali, gemu inakuanzisha ukiwa mchungaji. Katika aina nane za watu wa Britannia, mchungaji ndiye dhaifu kuliko wote, na uganga hana. Na mahali anapoanzia ni Magincia, kisiwa kilichokuwa mji wa fahari, kikaangamizwa kwa sababu ya kiburi cha wenyeji wake. Sasa ni magofu na mizuka, hakuna hata duka la kununua chakula, na bahari imekuzunguka pande zote.

Alikuwa kijana mpole wa huko njia ya Pongwe. Alijibu maswali yote saba, skrini ikamwambia mchungaji. Wenzake wakapiga kelele: "Mgosi, mchungaji! Hata upanga huna!" Mmoja alikuwa mpiganaji, mwingine mganga, wako mijini wananunua silaha. Yeye kasimama peke yake kisiwani.

Akanigeukia. "Mwalimu, nianze upya? Niyabadilishe majibu?"

Nikamwuliza, yale majibu ulijibu kwa kubahatisha? Akasema hapana, ndivyo ninavyofikiri.

Nikamwambia afanye anavyoona.

Aliitazama ile skrini muda mrefu, kidole kiko juu ya kitufe. Kisha akakishusha, akaanza kutembea katikati ya magofu, akitafuta mtu wa kuongea naye.