Bei ya Haki ya Motahomu Iliyotumika: Hesabu Huanzia Ukutani

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo tunazungumzia motahomu, yaani gari lililojengewa nyumba ndani: kitanda, jiko, choo, friji na hita. Nitabaki kwenye soko la Uingereza, maana ndiko wengi wenu mnakonunua.

Motahomu ni mali mbili zilizofungwa pamoja. Chini kuna gari la mizigo, mara nyingi Fiat Ducato, wakati mwingine Peugeot Boxer, Ford Transit au Mercedes Sprinter. Juu yake kuna nyumba iliyojengwa na kampuni nyingine kabisa. Aliyezoea kununua gari dogo huuliza kwanza mwaka na maili. Huku maili ni swali la tatu au la nne. Injini iliyotunzwa huchelewa kuchoka, lakini nyumba yaweza kuoza gari likiwa limeegeshwa uani miaka mitatu. Maji yakishaingia ukutani, bei nzima imebadilika, hata kama dashibodi inasoma maili 15,000.

Kwa hiyo bei ya haki tunaipata hivi: tunatafuta bei ya motahomu ya aina hiyo iliyo nzima, kisha tunatoa gharama ya kuifanya hii iliyo mbele yetu iwe nzima. Bei ya kwenye tangazo ni maombi ya muuzaji.

Tuanze na bei ya iliyo nzima. Kusanya matangazo sita au zaidi ya modeli ileile, mpangilio uleule wa vitanda, na mwaka usiopishana kwa zaidi ya mmoja. Mpangilio una uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani: motahomu mbili za kampuni moja na mwaka mmoja, moja ina kitanda cha kudumu nyuma na nyingine ina makochi ya kugeuza kila usiku, haziuzwi bei moja. Tuseme umepata sita: pauni 34,500, 36,500, 37,500, 38,000, 39,000 na 42,000. Tupa ya chini na ya juu. Nne zilizobaki ukizigawanya kwa nne unapata 37,750. Hizo bado ni bei za kuombwa, na karibu kila tangazo lina maongezi, hata lisipoandika hivyo. Mimi hutoa asilimia 5 hapo, tunabaki na kama 35,900.

Angalia pia nani anauza. Yadi huuza ghali kuliko mtu binafsi, na sehemu ya tofauti hiyo ina thamani ya kweli. Chini ya sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015, ukinunua kwa mfanyabiashara na gari likawa na kasoro kubwa, una siku 30 za kulirudisha na kudai fedha zako. Kwa mtu binafsi, asipokudanganya kuhusu hali ya gari, ukishalipa shida ni yako. Usilinganishe bei za yadi na za mtu binafsi kana kwamba ni kitu kimoja.

Msimu nao unasukuma bei. Kuanzia Februari hadi Pasaka wanunuzi ni wengi. Oktoba hadi Desemba muuzaji anafikiria bima, maegesho na baridi, na hapo husikiliza. Halafu kuna walionunua 2020 na 2021, wakati wa korona, bei zilipopaa kwa sababu watu hawakuweza kusafiri nje. Wengi wao wanataka kurudisha walichotoa. Hasara yao haiwi deni lako.

Sasa twende ukutani, hapa nitakaa.

Maji huingia hivi. Paneli za mwili zimeunganishwa kwa reli za alumini, zikapigwa skrubu na kuzibwa kwa gundi laini. Barabarani mwili mzima unajipinda kidogo kidogo. Miaka inavyopita gundi inakauka, inapasuka nyufa nyembamba kama unywele, na mvua inapita kwenye tundu la skrubu. Ndani ya ukuta, kwa magari mengi ya zamani, kuna fremu ya mbao. Maji huifuata mbao na kutokea mbali na yalikoingilia, ndiyo maana doa la kona ya chini mara nyingi limeanzia kwenye reli ya paa. Anayeziba pale penye doa tu amefungia maji ndani.

Nunua kipima unyevu chenye pini mbili, si ghali. Kwanza pima katikati ya kizigeu cha ndani kisichogusa nje, hicho ndicho kipimo chako cha msingi. Kisha pima kona zote nne za kila dirisha, kuzunguka matundu ya paa, kona za chini za ukuta wa nyuma, ndani ya makabati ya juu, na chini ya magodoro. Usipime juu ya chuma wala karatasi yenye foili, kitasoma uongo. Chini ya asilimia 15 ni salama. Kati ya 15 na 20 andika na ufuatilie. Kati ya 20 na 30 maji yanaingia. Zaidi ya 30, mbao huenda imeanza kuoza. Ukiona namba kubwa, bonyeza hapo kwa kidole gumba. Ukuta mzima ni mgumu kama meza. Uliooza unabonyea na kurudi polepole, na karatasi yake ina mikunjo ambayo huioni mpaka umulike tochi kutoka ubavuni. Kanyaga sakafu mlangoni na mbele ya sinki. Ikinesa, uliza.

Dalili mbili zinanitia shaka kuliko namba yoyote: gundi mpya iliyopakwa ovyo juu ya reli ya zamani, na manukato makali ukifungua mlango.

Omba karatasi za ukaguzi wa nyumba wa kila mwaka, mbali na MOT (ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari barabarani), ambayo haigusi kuta. Dhamana nyingi za maji huhitaji mhuri wa kila mwaka, na mwaka mmoja ukirukwa dhamana inakufa. Muuzaji akisema "dhamana bado ipo", hesabu mihuri.

Chini, kwenye gari, kuna mambo machache yenye bei inayojulikana. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za motahomu huzeeka kabla hazijaisha kashata, na zikikaribia miaka 10 hesabu seti mpya hata kama zinang'aa. Ducato ya lita 2.3 inatumia mkanda wa taiming, nao unahesabiwa kwa miaka na kwa maili pia. Bila risiti, chukulia haujabadilishwa. Kwa Ducato za kuanzia 2006, fungua boneti utazame juu ya injini: maji hudondoka kutoka chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapofungwa, yakatia kutu kwenye nozeli. Za miaka ya mwanzo pia zilijulikana kwa kutetemeka zikipanda mlima kwa rivasi, kwa hiyo ijaribu kwenye mteremko. Ekseli ya nyuma ya Al-Ko (kampuni ya kutengeneza chesisi) ikiwa na vichwa vya kupigia grisi, uliza ilipigwa lini.

Friji ya gesi huchukua saa kadhaa kupoa. Mwambie muuzaji aiwashe asubuhi kabla hujafika, na ijaribiwe kwa gesi, kwa umeme wa nje na kwa volti 12. Boila na hita washa mwenyewe. Ikiwa maji yaliachwa ndani wakati wa baridi, boila huenda imepasuka, na hilo utaligundua ukijaza tangi tu. "Tumeshamwaga maji" si jibu.

Rudi kwenye hesabu yetu ya 35,900. Tuseme tairi nne pauni 600, mkanda wa taiming na pampu ya maji 700, betri ya nyumbani 150, na fundi amekupa makadirio ya 2,500 kwa kona iliyosoma asilimia 27. Jumla ni 3,950, tunafika 31,950. Lakini makadirio ya unyevu hutolewa ukuta ukiwa umefungwa, na ukifunguliwa kazi huongezeka. Ongeza nusu yake, 1,250. Bei ya haki ni 30,700. Nenda na karatasi hiyo, kila mstari na makadirio yake. Anayekata bei kwa mstari huwa anasikilizwa kuliko anayesema "punguza kidogo bwana".

Vya ziada, kama sola, turubai ya kukunjua na kibebea baiskeli, viongezee kidogo sana. Vinakula uzito. Motahomu nyingi zina kikomo cha kilo 3,500. Ipeleke kwenye mizani ikiwa na mafuta, maji, gesi na dereva. Ikisoma 3,210, umebakiwa na kilo 290 za abiria, nguo, chakula, viti na hiyo turubai. Kwa wawili yatosha. Kwa familia ya watu wanne bei hiyo haifai hata iwe rahisi. Kikomo chaweza kupandishwa kwenye makaratasi, lakini aliyepata leseni ya gari baada ya 1 Januari 1997 haruhusiwi kuendesha dizeli ya zaidi ya kilo 3,500 bila mtihani mwingine. Na anayeishi London akumbuke kwamba dizeli ya hadi kilo 3,500 isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 inalipiwa pauni 12.50 kila siku inapotembea mjini.

Kabla ya kutoa hata kishika bei, soma historia ya MOT mtandaoni, ni bure, na lipia ukaguzi wa madeni. Kadi ya usajili, V5C, inaonyesha msimamizi wa gari. Haithibitishi mmiliki, wala haionyeshi mkopo.

Naona mkono pale nyuma. Swali ni kama inafaa kununua huku na kuipeleka Mombasa. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, usukani lazima uwe kulia, na ukaguzi hufanywa kabla ya kupakiwa melini. Motahomu zilizojengwa Ujerumani na Ufaransa nyingi zina usukani kushoto, na baadhi ya hizo huuzwa Uingereza kwa bei nafuu. Unafuu huo umetokana na usukani, basi usiuingize kwenye yale matangazo sita ya mwanzo.