Jinsi ya Kurekodi Mimea ya Porini Katika Msitu wa Karura

Hamjambo, watazamaji. Tumo katika Msitu wa Karura, hatua chache kutoka lango la Barabara ya Limuru, na kikundi chetu kidogo cha wapenda mimea kiko tayari kwa matembezi ya Jumamosi. Nitawaonyesha namna ya kuurekodi mmea kwa njia ambayo mtu asiyekuwa nasi leo ataweza kuhakikisha, hata miaka ishirini ijayo, kwamba tulikiona kile tulichosema tumekiona. Kwa sababu hiyo, jina la mmea tutaliacha hadi mwisho.

Wakati mzuri wa kutoka ni wiki mbili au tatu baada ya mvua kuanza, iwe ni masika ya Machi hadi Mei au vuli ya Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa ndipo mimea mingi midogo huchanua. Vaeni suruali ndefu na kuichomeka ndani ya soksi, maana mmea uitwao thabai huwasha vibaya, na anayepiga magoti kupiga picha bila kukagua ardhi huenda akapokewa na siafu. Bebeni daftari, rula fupi, kioo cha kukuzia na penseli. Nasisitiza penseli, kwa sababu wino hutawanyika daftari linapolowa.

Kabla ya kupiga picha yoyote, jiulizeni kama mmea ulio mbele yenu ulijiotea au ulipandwa. Jijini Nairobi swali hili si dogo. Mijakaranda inayopamba barabara zetu asili yake ni Amerika Kusini, nayo Arboreta ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ambayo ingetoa kuni za reli. Hata humu Karura kuna mashamba ya mikaratusi. Miti ikisimama kwa mistari na kulingana kwa kimo, iandikeni kuwa imepandwa. Lantana, kwa upande mwingine, ni mgeni kutoka Amerika, lakini kichaka hiki mnachokiona hakuna aliyekipanda; mbegu zake husambazwa na ndege, kwa hiyo tunakirekodi kama mmea wa porini bila kukiita cha asili.

Sasa tuje kwenye picha, na hapa ndipo wengi hukosea. Picha moja ya ua, hata iwe nzuri kiasi gani, mara nyingi haitoshi. Pigeni mmea mzima pamoja na mahali ulipoota, kisha gome, kisha tawi linaloonyesha kama majani yanakabiliana au yanapishana, kisha ua kutoka mbele na kutoka ubavuni, na tunda likiwapo. Halafu geuzeni jani. Tazameni majani haya mawili niliyoyaokota chini: la kwanza ni la mukinduri, na upande wake wa chini una rangi ya fedha, la pili ni la mutundu, ambalo ni la kijani pande zote mbili, lina umbo la moyo, na hugeuka rangi ya chungwa linapozeeka. Miti hii ni ya jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zenye undugu, iitwayo Croton. Jani lisipogeuzwa, anayeipitia picha baadaye atabaki akikisia.

Andikeni tarehe mkitaja mwezi kwa neno, kwani 04/05 kwa mwingine ni Aprili. Andikeni viwianishi, yaani latitudo na longitudo zinazoonyeshwa na simu, pamoja na alama ya kutoa mbele ya latitudo, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Alama hiyo ikisahaulika, mmea wa Karura huhamia Samburu, na nimeshaona rekodi za namna hiyo zaidi ya mara moja. Ongezeni nambari ya makutano ya njia iliyo kwenye kibao kilicho karibu.

Msikate wala kung'oa chochote bila kibali. Mti wa muiri, kwa mfano, unalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu mwaka 1995, kwa kuwa gome lake huuzwa nje kutengenezea dawa. Kielelezo kikihitajika, chenye kibali, hukaushwa kwa kubanwa kati ya magazeti yanayobadilishwa kila siku, na mahali pake pa kuhifadhiwa ni Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyohamishwa kutoka Amani, Tanzania, hadi Nairobi mwaka 1950 na ambayo sasa iko chini ya Makavazi ya Taifa.

Jioni, mkishapakia picha kwenye iNaturalist, programu ya kushiriki rekodi za mimea na wanyama, ndipo mtafute jina. Mkiwa na uhakika wa jenasi pekee, ishieni hapo. Wengine wataendelea kutoka mlipoachia. Jina la kienyeji liandikwe pamoja na lugha yake: mukinduri ni Kikuyu. Na mkipata okidi adimu, ficheni mahali penyewe kwenye programu kabla ya kuichapisha, maana wako wanaozitafuta wakiwa na jembe.